Jina kwa Kitabu cha Soja

Ukiingia jengo lolote la ofisi katikati ya Nairobi, kabla ufike kwa lifti kuna soja, kuna meza, na kuna kitabu kikubwa chenye mistari. Jina. Namba ya kitambulisho. Namba ya simu. Unaenda kwa nani. Saa. Kalamu imefungwa kamba isitoroke. Mimi huandika makala za kuuza, kwa hivyo nimejaza vitabu hivyo mara nyingi nikifuata malipo yangu, na kuna siku nimeandika namba ya kitambulisho mbio mbio hadi mimi mwenyewe nisingeweza kuisoma. Soja hakuuliza. Mkoba pia hakuufungua. Yeye alitaka mstari ujae.

Kitabu hicho kilinirudia kichwani niliposoma tangazo la Google la tarehe 25 Agosti 2025. Linasema kwamba programu yoyote inayowekwa kwenye simu ya Android iliyoidhinishwa itabidi iwe imetoka kwa mtengenezaji aliyethibitishwa, hata kama haikupitia Play Store. Kuthibitishwa maana yake ni kutoa jina lako halali, anwani, barua pepe na namba ya simu, na pengine picha ya kitambulisho cha serikali. Akaunti kamili ni dola 25, kama shilingi 3,200 hivi. Utaratibu unaanza Septemba 2026 katika nchi nne, Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu kuanzia 2027 unasambazwa duniani kote, na sisi tumo.

Walioandika tangazo walitafuta mfano wa kutuelewesha, wakachukua uwanja wa ndege. Ni kama kuangaliwa kitambulisho pale uwanjani, wanasema: inathibitishwa wewe ni nani, na hilo ni tofauti na kukaguliwa mizigo. Niliusoma mara tatu nikidhani nimekosea. Kumbe wameandika wazi wazi kwamba kilicho ndani ya programu hakitaangaliwa kwa hatua hii. Huyo si mkaguzi wa uwanja wa ndege. Huyo ni soja wetu, na ile kalamu yake ya kamba.

Kuna neno jingine kwenye mjadala huu linalonikera zaidi. Kuweka programu bila kupitia dukani kwao kumepewa neno la Kiingereza ambalo ukilitafsiri ni kama kupakia kwa ubavuni, utadhani ni gunia linaingizwa matatu kwa dirisha. Kwa kompyuta jambo hilo hilo halina jina maalum. Unatoa programu unapoitaka, unaiweka, kwisha. Ukishaliita jambo la kawaida jina la kichochoroni, anayelifanya anaanza kujieleza kabla hata ya kushtakiwa.

Na mashtaka yapo, sitaki kujifanya sijui wizi. Google inasema uchunguzi wake ulipata programu hasidi zaidi ya mara 50 kwa programu zinazopakuliwa mtandaoni kuliko zilizo Play Store. Hesabu ni ya mwenye duka, sawa, lakini yeyote aliyewahi kusafisha simu ya mzazi wake anajua kuna ukweli hapo. Faili inakuja kwa WhatsApp, imeandikwa ni zawadi au toleo jipya la kitu fulani. Mama anabonyeza. Programu inaomba ruhusa ya kusoma meseji, na meseji ndizo huleta zile namba za siri za benki. Mtu anaweza kupoteza pesa ya karo kwa dakika mbili. Wanaharakati wa programu huria wanaoongea kama mambo haya hayapo huwa wananichosha.

Lakini kwa wizi huo tayari kulikuwa na mkaguzi. Mwaka 2024 Google ilianza majaribio Singapore ambapo Play Protect inazuia programu zilizotoka kwa kivinjari, kwa programu za kuchati au kwa hifadhi ya faili, ikiwa zinaomba ruhusa zile hatari: kusoma meseji, kusoma arifa, au kutumia huduma za kuwasaidia watu wenye ulemavu, ambazo huweza kuona na kubonyeza kila kitu kwenye kioo. Majaribio hayo yakapelekwa nchi kadhaa, Kenya ikiwa moja. Unaweza kuyalalamikia, maana yanafungia pia programu zisizo na kosa. Lakini yanauliza swali la maana, yaani programu hii inataka kufanya nini kwa simu ya mwenyewe. Hapo mkoba umefunguliwa.

Sasa tuongee kuhusu mikopo. Programu zilizowatesa Wakenya kwa miaka hazikuja kwa ubavuni. Zilikaa Play Store, na nyota zao, na picha za watu wanaocheka. Ukiziweka zinasoma orodha yote ya watu walio kwa simu yako, na ukichelewa kulipa, bosi wako anapigiwa, mchungaji anapigiwa, mwalimu wako wa shule ya msingi anaambiwa wewe ni mwizi. Zilikuwa na majina na akaunti zilizolipiwa. Ilibidi zije Kanuni za Watoa Mikopo wa Kidijitali za 2022, halafu Google yenyewe iweke sharti kwamba kuanzia mwisho wa Januari 2023 programu ya mikopo nchini Kenya ionyeshe leseni au kibali cha Benki Kuu, ndipo duka likaanza kusafishwa. Kilichosaidia ni mtu kuuliza ile programu inafanya kazi gani, na nani ameiruhusu kuifanya.

Ama chukua laini za simu. Mwaka 2022 tulipanga foleni tena kusajili laini ambazo tulikuwa tumeshasajili, makataa yakawa Aprili, yakasogezwa hadi Oktoba. Laini yako imesajiliwa, yangu imesajiliwa. Na bado unapata meseji ya "ile pesa tuma kwa hii namba". Mwizi hutumia jina la mtu mwingine. Anayeandika programu ya bure usiku baada ya kazi ndiye atakayekaa akifikiria kama kweli anataka kitambulisho chake kikae kwa kampuni ya California, na wengi wao, nadhani, watasema wacha tu.

Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu programu huria zilijenga uaminifu kwa njia nyingine kabisa. Kama hujawahi kuona F-Droid, ni duka lisilo na kaunta. Lipo tangu 2010. Halikufungulii akaunti, halikuulizi jina. Watu wake, wengi wakijitolea, wanachukua msimbo ambao mwandishi ameuweka wazi, wanaupitia, wanaujenga wenyewe kwenye mashine zao, wanautia sahihi, wanauachilia. Kama programu ina kitu cha kukufuatilia, onyo linaandikwa palepale kwa ukurasa wake. Mwandishi anaweza kuwa anajiita jina la utani la ajabu na picha yake ni ya paka. Hakuna noma. Kazi yake iko mezani, anayetaka kuisoma aisome. Wachache ndio huisoma, najua, mimi mwenyewe nasoma vipande tu. Lakini wachache hao wakipata uchafu wanapiga kelele, na kelele zao tunazisikia.

Ugomvi wenyewe uko kwa sahihi, na naomba uvumilie aya moja ya ufundi. Kila programu ya Android inatambulika kwa vitu viwili: jina la pakiti, ambalo ni kama anwani ya tovuti iliyogeuzwa nyuma mbele, na sahihi ya kidijitali ya aliyeijenga. Toleo jipya likija na sahihi nyingine, simu inalikataa. Sheria mpya inataka viwili hivyo vifungwe kwa mtu mwenye kitambulisho. Sasa, programu nyingi za F-Droid zina sahihi ya F-Droid, kwa kuwa wao ndio wamezijenga. Nani ajiandikishe? F-Droid ikijiandikisha kwa niaba ya maelfu ya programu, imejitwalia majina ya kazi za wengine. Kila mwandishi akijiandikisha mwenyewe, nakala ya F-Droid inabaki kuishi kwa hisani yake, na wapo waandishi walioacha miradi yao zamani, hawajibu barua pepe, lakini programu bado inafanya kazi kila asubuhi kwa simu ya mtu. Tarehe 29 Septemba 2025 F-Droid ilitoa taarifa kwamba haiwezi kuwalazimisha waandishi wajisajili kwa Google wala kuchukua majina ya programu zao, na kwamba agizo hili likitekelezwa lilivyo litaumaliza mradi kama tunavyoujua.

Watetezi wa Google wanajibu kwamba hakuna leseni iliyovunjwa. Kweli. Msimbo utabaki wazi, utausoma utakavyo. Lakini hadithi hii ilishawahi kutokea. Kampuni ya TiVo iliuza mashine za kurekodi televisheni zilizotumia Linux, ikatoa msimbo kama leseni ilivyotaka, halafu mashine yenyewe ikakataa kuendesha msimbo ambao umebadilishwa. Una haki ya kuurekebisha, na ukishaurekebisha huna pa kuuweka. Ni kwa sababu hiyo leseni ya GPL toleo la 3, ya mwaka 2007, iliandikwa na kifungu cha kudai kwamba mnunuzi apewe pia njia ya kuweka toleo lake ndani ya kifaa alichonunua. Sehemu kubwa ya Android iko chini ya leseni nyingine, kwa hivyo kisheria Google iko salama. Mimi sizungumzii sheria. Nazungumzia mtu aliye na simu mkononi.

Nilipoacha chuo sikutoka na laptopu. Nilitoka na simu yenye kioo kilichopasuka kona moja, na Termux. Termux inakupa Linux ndani ya simu: unaandika amri, unaendesha Python, unajifunza. Niliandika programu yangu ya kwanza iliyofanya kazi nikiwa nimelala, kidole gumba kimoja, bando ikiwa imebaki kidogo. Toleo la Termux lililokuwa Play Store liliacha kusasishwa 2020, kwa sababu masharti mapya ya Android yalikataza programu kuendesha faili za programu ilizojipakulia, na Termux bila hilo ni daftari tupu. Wanaoitunza wakawaelekeza watu F-Droid. Hakuna aliyefanya uhuni hapo. Duka lilikuwa na masharti yake, programu ilikuwa na kazi yake, na kulikuwa na mlango mwingine. Kiwix, inayokuwezesha kubeba Wikipedia nzima bila intaneti, ina shida ya aina hiyo: toleo la Play Store limewekewa mipaka ya kusoma faili ulizojiwekea mwenyewe, na toleo kamili unalitoa nje ya duka. Fikiria ni nani anayehitaji Wikipedia bila intaneti. Si mtu wa Wi-Fi ya ofisi.

Kwa sisi tunaosoma majarida ya fasihi, suala la jina la mwandishi halifai kuwa geni. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa miaka 22 kutoka Mombasa, aliandika kijitabu alichokiita "Kenya: Twendapi?" Serikali haikukaa chini kujibu swali. Ilimtafuta aliyeuliza, na 1969 akafungwa kwa uchochezi, miaka mitatu. Mashairi aliyoyaandika gerezani ndiyo tunayoyajua leo kama Sauti ya Dhiki. Tunakipenda kitabu hicho, wengine tulifundishwa kukichambua darasani, halafu tunasahau kwamba kilianzia kwa mtu kupatikana.

Na usiseme hayo ni ya zamani. Mei 2025 dada mmoja wa Nairobi, mtengenezaji programu, alikamatwa kwa sababu ya tovuti iliyomrahisishia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kuukataa Mswada wa Fedha. Unamjua jina. Alikaa seli wikendi nzima ya Madaraka, akashtakiwa kwa ile sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, na mwezi uliofuata mahakama ikasema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote. Yeye hakuwa amejificha. Wapo wengine waliomwangalia kwa habari wakaamua kwamba kazi yao ijayo wataitoa kwa jina la paka.

Najua nitaambiwa Google si serikali. Sawa, lakini serikali hujua pa kubisha hodi. Oktoba 2025 Apple iliondoa ICEBlock, programu ya kuarifu watu mahali maafisa wa uhamiaji wa Marekani walipoonekana, baada ya Wizara ya Sheria ya nchi hiyo kudai iondolewe. Kwa mwenye iPhone kule, ikitoka dukani imetoka. Siku zote jibu letu watu wa Android lilikuwa kwamba sisi tuna ubavu.

Google imelegeza kidogo, na haki yake nitampa. Wanafunzi na wanaojifurahisha watapata akaunti ya bure isiyodai kitambulisho, ila programu yao iwekwe kwa simu chache tu. Novemba 2025 wakaongeza kwamba wanaandaa njia ya watumiaji wenye uzoefu, watakaosoma maonyo na kukubali hatari wenyewe. Na tangu mwanzo walisema kuweka programu kwa waya kutoka kwa kompyuta hakutaguswa. Hii ya mwisho ndiyo ilinichekesha, kicheko cha uchungu. Msamaha wenyewe unaanza na kompyuta. Aliyeandika hivyo hajawahi kukutana na mtu ambaye simu ndiyo kompyuta, ndiyo benki, ndiyo tochi. Hiyo njia ya wenye uzoefu nayo, itategemea ni ndefu kiasi gani. Mimi nitaipita. Swali ni kama shangazi yangu ataipita, na hapo sina budi kumleta.

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi na wanne. Walikuwa wanaandika michango kwa kitabu, kitabu kikanyeshewa. Nilichukua programu huria ya kuweka hesabu, ya mtu wa Ulaya ambaye sijawahi kuongea naye, nikabadilisha maneno: mchango, deni, faini ya kuchelewa, zamu ya nani. Nikatoa ruhusa ya intaneti kabisa, kwa sababu hesabu za akina mama hao hazina shughuli na mtu wa nje. Nikaijenga kwa kompyuta ya saiba, nikamtumia shangazi, yeye akawatumia wenzake kwa Xender wakiwa wamekaa sebuleni kwake, chai ikipita. Onyo lilitokea kwa kila simu. Shangazi alilisoma kwa sauti, akanitazama, akasema, "Ni huyu mtoto wetu ameitengeneza," wakabonyeza.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sheria hii haina safu yake kwa kitabu. Mimi kwa wale wanawake nimethibitishwa tangu nikiwa na nepi. Kwa Google sipo, na yule mtu wa Ulaya ambaye kazi yake nimeibadilisha, akijisajili, programu ni yake na toleo langu ni la mgeni. Nikichukua akaunti ya bure labda simu kumi na nne zitaenea. Lakini programu ya chama haikai kwa chama kimoja. Mmoja wao ana dada Nakuru, mwingine ana chama cha pili cha kanisani, na wote wana Xender.

Juzi shangazi alinipigia simu. Kuna mweka hazina wa kikundi kingine, wako ishirini na kitu, ameona ile hesabu inavyotoka safi mwisho wa mwezi.

"Anaitaka hiyo kitu yako. Nimwambie aje lini?"

Nilimwambia Jumamosi hii, na wote waje na simu.